Mto Wenye Jina la Ildefonce

Ildefonce aliniapisha nisimsimulie mtu habari ya mto wake, nami nikaapa, mkono kifuani. Kosa lake. Yeye ni Mnyamwezi wa Sikonge, mimi Khalfan ni Mzaramo wa Kisarawe, na tangu babu zake walipokuwa wakipita kwetu na mizigo mabegani kuelekea pwani, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mtani ana haki ya kukutukana ukiwa mzima, kukuchukulia kuku wako mchana kweupe, na siku ukifa, kuvaa nguo zako na kuigiza mwendo wako mbele ya waombolezaji. Mtu anayempa mtani siri yake na kumtaka kiapo ana lake jambo, au amechanganyikiwa.

Mumfahamu kwanza mwenyewe. Ildefonce ni mpishi katika nyumba ya kulelea wazee hapa Toronto. Amewazoeza bibi wa Kizungu wenye meno ya bandia kula mchicha wa nazi, na wakiukosa Jumatano wananuna. Kazini anavaa aproni, lakini akitoka nje anavaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka ukiigusa unaweza kujikata. Anaivaa kanisani, anaivaa sokoni, anaivaa kushuka na takataka kutoka ghorofani kwake Regent Park. Mkewe, Anastasia, anasema hata pajama zake hufungwa kifungo cha shingoni. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kukiona kiwiko cha mtu yule. Nilimwambia mara nyingi kwamba Wanyamwezi walianza kuvaa nguo juzi ndiyo maana hawajui kuzivua, naye akanijibu kwamba Wazaramo wameziazima kwa Waarabu na bado hawajazirudisha. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya kawaida. Sisi ni marafiki sana.

Sasa binti yao Abigael akapata mchumba. Kijana anaitwa Landry, mtoto wa Gaspard na Donatienne, Wakongo wa Uvira. Donatienne ni mama wa kicheko. Gaspard ni kitu kingine. Ni mzee wa kanisa, anafanya kazi kiwanda cha magodoro, na Kiingereza kimekataa kabisa kuingia kichwani mwake. Benki anasemewa na Landry, hospitali anasemewa na Landry, hata kwenye basi akikanyagwa anamtazama Landry. Watu wa Toronto wanamwona mzee mkali asiyesema. Mkali ni kweli, lakini kusema anasema: mpe Kiswahili au Kifaransa uone kama utapata nafasi ya kumeza mate.

Siku ya kujitambulisha walikuja kwa Ildefonce na vitenge na soda. Mimi nilikuwa msemaji wa upande wa mke. Gaspard akatutajia ukoo wake mpaka kwa babu wa babu, kisha akaweka kikombe mezani.

"Kule kwetu kuko mutoni yenye iko na jina ya babu yangu," akasema. "Kila mutu anaijua. Na ninyi, Baba Abigael? Ni nini yenye inabeba jina yenu?"

Kujibu maswali ya namna hiyo ndiyo kazi ya msemaji. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nianze kuisifu asali ya Tabora. Ildefonce akanikata kauli.

"Hapa hapa Kanada, mkwe," akasema huku akinyoosha ukosi wake, "kaskazini msituni, kuna mto watu wameuita kwa ajili yangu."

Anastasia akageuka, akamtazama mumewe kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Abigael akasema, "Baba, what river?" Mimi nikapaliwa na soda.

Gaspard hakucheka. "Bien," akasema. "Tutaenda kuiona. Mbele ya ndoa."

"Si lazima, mkwe. Ni mbali mno."

"Mutu mwenye anadanganya juu ya maji, anadanganya juu ya yote. Mutoto wangu haoe mu nyumba ya bongo." Bongo kwao ni uongo. Akainua kikombe chake, akamaliza chai. Abigael na Landry walitazamana, na nilimwona binti akimeza kitu ambacho hakikuwa soda.

Basi mwezi wa Agosti tukaingia kwenye gari langu, wazee wanne na mimi dereva. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ya kutwa nzima, na bado tulilala njiani. Tulipita North Bay, tukapita maziwa mpaka tukachoka kuyaonyeshana, na miti ya misonobari ikazidi kuwa myembamba na kubanana. Mahali fulani palikuwa na kibao kando ya barabara kinachosema kuanzia hapo maji yote yanageuka na kwenda kaskazini, kwenye bahari ya barafu. Gaspard akataka tusimame.

"Sasa hapa mutoni zinapanda?" akauliza, akiitazama ramani ya ukutani kichwani mwake.

"Hazipandi, mkwe," akasema Ildefonce. "Nchi ndiyo inateremka kwenda huko." Kisha akaanza kueleza mto wake. Unaanzia kwenye bwawa lililojengwa na biva, yule mnyama anayeangusha miti kwa meno. Unapita katikati ya misonobari myeusi, kwenye udongo wa majani yaliyooza miaka na miaka, ndiyo maana maji yake ni ya rangi ya chai ya rangi. Ni mdogo, mtu mrefu anaweza kuuruka penye mabega yake membamba, lakini kelele zake ni za mto mkubwa. Una kona moja yenye mwamba bapa, panafaa kuoga. Baada ya kona hiyo unajipinda kama unarudi ulikotoka, halafu unabadili nia na kujitupa kwenye mto mwingine, na huo ndio unaoupeleka baharini.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, na huo haukuwa uongo. Mwongo hajui mto wake unapinda wapi. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi wa kweli.

Tulipofika kituo cha mafuta, Ildefonce akanivuta nyuma ya gari wakati wengine wako chooni.

"Mzaramo, leo nina haja nawe."

"Mto hakuna."

"Mto upo. Na jina lipo, na ni kwa ajili yangu. Tatizo ni jina lenyewe."

Ndipo akaniapisha. Nikaapa. Akasimulia huku akiitazama lami.

Mwaka wake wa kwanza Kanada, kabla Anastasia hajamfuata, alipata kazi ya kupikia kambi ya vijana wanaopanda miche ya miti msituni. Alikuwa na dumu la asali ambalo mama yake alilifunga kwa mikono yake kule Sikonge, na lilikuwa ndicho kitu pekee cha nyumbani alichokuwa nacho. Aliionja asali hiyo kwa ncha ya kijiko, Jumapili tu. Alasiri moja anaoga pale penye mwamba bapa, sabuni kichwani, akainua macho akamwona dubu anatoka kwenye hema la jiko. Mdomoni amelishika dumu.

"Ukafanya nini?"

"Ningefanya nini, Khalfan? Asali ya mama!"

Alitoka mtoni, akapita jikoni akaokota upawa na kifuniko cha sufuria kubwa, akamfukuza dubu akigonga kifuniko na kumtukana Kinyamwezi matusi yote tangu enzi za mababu. Dubu akakimbia kupitia katikati ya kambi. Ildefonce akakimbia nyuma yake kupitia katikati ya kambi. Vijana walikuwa ndiyo kwanza wamerudi kutoka kupanda miche, wako kwenye foleni na sahani zao. Dubu alilidondosha dumu mwisho wa mahema. Ildefonce akalikumbatia, akageuka kwa ushindi, na watu wote wakaanza kupiga makofi. Ndipo aliposikia upepo.

Kesho yake aliondoka na lori la vyakula. Anastasia aliambiwa kisa ni mbu. Miaka ikapita, akakutana kwenye treni ya chini ya ardhi na mmoja wa wale vijana, sasa ana ndevu, akamkumbatia mbele za watu na kumpa habari njema: mto ule mdogo ambao ramani haikuwa na jina lake, sasa una jina. Vijana walianza, wawindaji wakachukua, na mji wote wa jirani unautumia. Mto wa Mpishi Uchi.

Nilicheka mpaka nikashika mlango wa gari. Nilipopata pumzi nikamwambia, "Mficha uchi hazai, ndugu yangu."

"Funga mdomo wako. Unajua mkwe ni mtu gani? Kwetu mkwe hakuoni hata kifua. Nikisema jina, nimevuliwa nguo mbele ya Gaspard. Nisiposema, mimi ni mwongo na mtoto wangu anakosa mume." Nikaona kwamba mtu huyu anaogopa kweli. Kicheko kikaniisha kidogo.

Tukapanga. Jina halimo kwenye ramani, kwa hiyo tutauliza dukani, na wa kuuliza ni mimi. Watanijibu Kiingereza, na Gaspard hajui Kiingereza. Wao watasema Mpishi Uchi, mimi nitatafsiri Mto wa Ildefonce. Ilikuwa mipango ya watu wenye akili. Kilichotuponza ni kwamba sisi Watanzania wawili tuliamini Kanada yote inaongea kama Toronto.

Duka lenyewe lilikuwa mwisho wa mji mdogo, mbele ya Kapuskasing. Linauza mafuta, ndoano na minyoo ya kuvulia samaki. Tuliingia sote watano. Nyuma ya meza alikuwa mama mmoja mzee mwenye shati la mirabamiraba.

"Bonjour!" akasema.

Nyuma yangu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwa Gaspard mbele ya mzungu. Ilikuwa nene, imeshiba. "Bonjour, madame!"

Akanipita kama amesukumwa. Wakashikana mikono. Mama akasema, Gaspard akajibu, Donatienne akaingilia, mama akapiga meza kwa furaha. Huko kaskazini, kumbe, kuna miji mizima inayozaliwa, kuoana na kuzikana kwa Kifaransa. Mimi na Ildefonce tulisimama kando ya ndoo ya minyoo, bubu wawili. Gaspard aliongeza urefu tukimtazama. Aliegemea meza, akauliza neno la bei ya samaki, akatania, mama akamjibu utani. Halafu nikaona ananyoosha kidole kuelekea msituni, na nikamsikia akisema "Afrika".

Yule mama akaweka mkono mdomoni. Kisha akaanza kusimulia.

Kifaransa sikijui, lakini sikukihitaji. Alijipaka sabuni kichwani. Alitoa macho. Alitembea kama dubu hatua mbili nyuma ya meza. Akachukua kikaango ukutani, akakigonga kwa bisibisi, na alipofika mwisho akajipiga makofi ya matakoni, huku machozi yanamtoka. Donatienne alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanaruka. Kila ishara Ildefonce aliijua, na kila moja ilimpata. Anastasia alininong'oneza, "Anaumwa nini yule mama?" Nikamwambia anauza vikaango.

Gaspard alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na wala hakumnyooshea Ildefonce kidole. Akanunua kopo la minyoo ambayo hakuwa na kazi nayo, akashukuru, akatuelekeza mlangoni. "Najua njia," akasema.

Garini Gaspard akanionyesha njia kwa kidole. Barabara ya udongo, vumbi, misonobari. Ildefonce alikaa wima, mikono juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Tukafika kwenye daraja la magogo, nikazima gari, na kweli tukausikia kabla ya kuuona. Mto mdogo, wa rangi ya chai, una kona yenye mwamba bapa.

Ildefonce akashuka, akasimama kando ya maji. "Mkwe," akasema, "yule mama amekuambia nini?"

"Ameniambia mutoni iko na jina."

"Jina gani?"

"Jina yako."

Angeweza kunyamaza hapo. Mlango ulikuwa umefunguliwa, apite tu na suti yake na heshima yake, na sote turudi nyumbani. Nilimkonyeza apite. Lakini Ildefonce alitazama maji, akamtazama Gaspard, na uso ukamkunjamana.

"Si jina langu, mkwe. Ni aibu yangu," akasema. Akasimulia yote, asali, dubu, upawa, bila kupunguza hata sabuni.

"Uchi mbele ya nani?" akauliza Anastasia. "Walikuwamo wasichana?"

"Walikuwamo."

"Na mimi ukaniambia mbu!"

"Na mbu pia walikuwapo, mama Abigael."

Gaspard aliketi juu ya mwamba, akaweka kopo lake la minyoo kando, akaanza kufungua kamba za viatu. Akavua soksi, akazikunja. Akavua koti. Alipofika kwenye mkanda, Donatienne akamwambia Anastasia, "Tugeuke, ndugu, huyu akianza habakishe," na wanawake wakageukia msitu.

"Mkwe, unafanya nini?" Ildefonce akarudi nyuma.

"Wewe uliaibika siku moja," akasema Gaspard. Amebaki na bukta ya maua ambayo sikuitarajia kwa mzee wa kanisa. "Mimi, ku Toronto, naaibika kila siku. Mutoto wangu ananisemea kwa munganga, anasema mpaka mambo ya tumbo yangu, mimi naangalia chini. Bananiona bubu. Bananiona mutoto. Leo ule mama ameniita monsieur, nimesikia nataka kulia." Akajipangusa pua. "Mwenye kujificha ni mimi. Wewe umesema ukweli. Kuya tuoge."

Akaingia. Maji ya kaskazini hayajui mwezi wa Agosti. Gaspard alipiga ukelele uliorusha ndege, ukelele usio wa Kifaransa wala Kiswahili. Na Ildefonce, mtu ambaye sijawahi kuona kiwiko chake, alianza kucheka, akafungua kifungo cha kwanza cha suti ya Kaunda, cha pili, cha tatu, akaitundika juu ya msonobari, akajitupa.

Niliwatazama wazee wawili wakirushiana maji kama watoto. Kisha macho yangu yakaangukia kwenye nguo. Zimekaa peke yake. Mtani ni mtani. Nikazikusanya zote, suti, suruali, mpaka soksi zilizokunjwa, nikaingia garini.

"Mzaramo!" akanguruma Ildefonce.

"Zikombolewe!" nikamjibu dirishani. "Jogoo wa harusi na kiti cha mbele!"

Nilisogeza gari mpaka ng'ambo ya daraja, si mbali. Lakini wao walipanda darajani kunifuata, maji yanachuruzika, bukta zimewashika, Gaspard amechukua tawi la msonobari na Ildefonce amechukua kopo la minyoo anirushie. Saa hiyohiyo likatokea gari la wavuvi, mtumbwi juu ya paa, na kando ya dereva ameketi yule mama wa dukani, amekuja kuona wageni wake kama wamefika salama. Gari likasimama. Mama akamtazama Gaspard. Akamtazama Ildefonce, akamtazama tena, polepole, na nikaona ametambua mpishi wa kisa chake ni nani. Akashuka akipiga makofi.

Jogoo niliahidiwa palepale.

Harusi ilifanyika Oktoba kwenye ukumbi wa kanisa. Nilikaa kiti cha mbele, paja la jogoo mkononi, Abigael anang'aa, Landry anatoka jasho. Wiki hiyo yule mama alikuwa amemwandikia Gaspard kwenye simu: siku hizi mji mzima unasema Mto wa Wapishi Uchi. Gaspard hajawahi kukaanga hata yai.

Ulipofika wakati wa wazazi kusema, Gaspard akasimama. Landry akainuka kando yake, kama kawaida, amtafsirie. Gaspard akamwekea mkono begani, akamkalisha.

Akaeleza kwa Kiswahili kwamba kule Uvira kuna mto wenye jina la babu yake, na hapa Kanada kuna mto wenye jina la familia hizi mbili pamoja. Wazee wakauliza, jina gani? Ildefonce akaanza kutelemka kwenye kiti. Gaspard akalitaja kwa Kifaransa, na meza za Wakongo zikalipuka. Akalitaja kwa Kiswahili, zikalipuka za Watanzania. Kwenye meza za nyuma vijana waliozaliwa hapa walikuwa wanaulizana nini kimesemwa. Gaspard akawatazama. Akafuta jasho, akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"The river," akasema, neno moja moja, "of the naked... cooks."

Vijana wakapiga meza, wakasimama, wakapiga mbinja. Landry alikuwa amemkodolea baba yake macho yaliyojaa maji. Ildefonce alikuwa amejifunika kitambaa cha meza, anacheka mpaka kifungo cha juu kimefunguka. Mwendesha sherehe akanyoosha mkono apokee maikrofoni, lakini Gaspard akaivuta kwake.

"Wait," akasema. "I not finish."